Yaliyokosewa na Yaliyosahauliwa

Bidhaa nyingi za kwetu mashariki ya Kongo hupitia Mombasa au Dar es Salaam, na hati za hesabu zinazofuatana nazo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Chini ya hati hizo huonekana herufi chache: E. & O. E. Ni ufupisho wa maneno «errors and omissions excepted». Wenye kutumia Kifaransa husema «sauf erreur ou omission». Maana yake ni hii: hesabu hii ni ya kweli, isipokuwa pale tulipokosea au tuliposahau, nasi tunashika haki ya kuisahihisha.

Mimi nayapenda maneno hayo, kwa kuwa yana unyenyekevu na ukali pamoja. Mwandishi anakiri mapema kwamba mkono wa mtu huteleza; lakini hasemi kwamba deni limefutwa. Wala maneno hayo hayafuniki udanganyifu: aliyeongeza bei kusudi hakukosea, ameiba.

Nawajua ndugu wawili waliouza mahindi yao pamoja. Daftari la mkubwa lilisema faranga 63,000, la mdogo 36,000. Neno «mwizi» likatajwa, wakaacha kusalimiana, hata watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja. Mwalimu mmoja akaomba madaftari yote mawili. Akatoa, akapata 27,000. Akagawanya kwa 9, pasibaki kitu. Ndiyo dalili waijuayo watunza hesabu: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 sawasawa. Lakini dalili si ushuhuda. Basi wakahesabu upya: madebe 7, kila debe faranga 9,000. Ikaonekana kwamba mdogo alipindua 6 na 3.

Luca Pacioli, mtawa Mfransisko, alichapisha kitabu Venezia mwaka 1494, akaeleza humo namna ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea. Pande zisipolingana, kosa limejitangaza. Hakudhani kwamba wafanya biashara hawakosi. Aliwaonyesha njia ya kuliona kosa lao.

Basi, enyi wazazi, nanyi wanafunzi, maneno hayo yafaa hata nyumbani. Kabla ya kumwita ndugu yako mwizi, hesabu tena, na umwombe ahesabu pamoja nawe. Naye aliyekosa, akiisha kuonyeshwa, asahihishe bila kukawia. Faranga zilizopotea hupatikana tena kwa kalamu. Jina la mtu likiisha kuchafuliwa, kalamu hailisafishi upesi.