Milimita Moja ya Hereni

Ukipita Mtaa wa Kongo Jumamosi mchana, watu wanasukumana na mikokoteni inalazimisha njia, huwezi kuamini kuna mtu ghorofani anahangaika na milimita moja. Ila biashara nyingi ya Kariakoo siku hizi haipiti mlangoni. Mteja yuko Songea, Tunduma au Lubumbashi. Anatumiwa picha WhatsApp, anatuma hela, mzigo unapakiwa kwenye basi. Hajashika kitu. Alichonunua ni kile alichokiona kwenye picha.

Mimi nasoma ualimu, fizikia na hisabati. Bumu likiisha napiga picha za vito kwa wenye maduka, na huko ndiko kina cha fokasi kiliponiingia kichwani kuliko darasani. Ni ule umbali, kutoka mbele hadi nyuma, ambao vitu vilivyomo vinaonekana safi. Kusema kweli lenzi inakamata sehemu moja tu sawasawa. Zilizo jirani nazo tunazipokea kwa sababu jicho halioni tofauti. Piga picha ya darasa zima mbele ya Nkrumah, umesimama mita 10, na mita kadhaa zitakuwa safi. Sogelea hereni mpaka taswira yake kwenye sensa ilingane na ukubwa wake halisi, tumia f/8 kwenye kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, unabaki na milimita 1 hivi. Jiwe linaonekana, kindoano cha kuingiza sikioni kimeyeyuka.

Utasema basi bana tundu la lenzi. Sawa, f/16 itakupa karibu milimita 2, lakini mwanga umebaki robo, kamera inabidi ikae wazi mara nne zaidi, na jenereta la chini likiwaka meza yote inatetemeka. Ukibana zaidi ya hapo mwanga unatawanyika ukipita kwenye kitundu, picha nzima inalegea.

Dawa ninayoipenda ni ya bure: laza hereni, kamera iitazame kutoka juu, uso kwa uso. Milimita 1 inamtosha aliyelala. Aliyesimama mshazari haimtoshi. Au rudi nyuma kidogo kisha ukate kingo baadaye. Mwenye muda anapiga picha kumi, kila moja fokasi imesogea kidogo, programu inaziunganisha. Wenye simu wengi hawalijui tatizo hili, maana sensa ya simu ni ndogo na kina chake ni kirefu. Ajabu ni kwamba simu hiyo hiyo inatutengenezea ukungu wa bandia, ule unaokula masikio ya watu kwenye picha za mahafali.

Sina ugomvi na ukungu. Kuficha ukuta uliochakaa nyuma ya kitenge si dhambi. Lakini mfanyabiashara mmoja alinipa seti ya hereni zilizobanduka rangi ya dhahabu kwenye vindoano, akaniambia:

“Mwalimu, fungua lenzi. Nyuma kuwe na ule ukungu wako mzuri.”

“Bosi, nikifungua, mteja hataona vindoano.”

“Sasa nimekuitia nini?”

Jiwe lingekuwa jiwe lile lile. Hakuna ambacho ningeongeza wala kufuta. Ndiyo maana ombi lile lilinisumbua kuliko angeniomba nibadilishe rangi kwenye kompyuta. Mtu wa Songea angetoa hela yake kwa ajili ya ile milimita niliyomchagulia mimi.

Nilipiga ya mbele. Kisha nikazigeuza, nikazilaza, f/11, nikapiga na nyuma, kila mbanduko unahesabika. Alizitazama zote mbili, akalipia ya mbele tu.

Siku hizi nataja bei ya picha mbili, mbele na nyuma, kabla sijatoa kamera kwenye begi. Mama mmoja wa duka la shanga alikubali bila hata kuomba punguzo. Wengine wanaguna, wananiambia nirudi kesho. Yule bosi hajanipigia tena, na bumu bado.