Gari liliguna wiki tatu, baba na mama wakanyamaza

Aliyeisikia sauti ile wa kwanza ni mtoto wa miaka sita. Asubuhi moja, mama alipokuwa akikata kona kutoka getini, nyumbani kwao Mbezi jijini Dar es Salaam, mtoto alisema kutoka kiti cha nyuma, "Mama, gari linaguna."

Mama alimwambia afunge mkanda, akaongeza sauti ya redio.

Sauti haikuondoka. Kila alipogeuza usukani katika mwendo mdogo, hasa asubuhi, Corolla yao ya miaka ya tisini ilitoa mngurumo wa chini. Akinyoosha usukani, kimya. Wiki ya pili usukani ukaanza kuwa mzito. Wiki ya tatu alitumia nguvu za mikono yote miwili kuliegesha gari shuleni.

Mumewe alikuwa Mwanza kikazi. Walizungumza kwa simu kila usiku: watoto, umeme, ada. Gari hakulitaja. Mara ya mwisho walipozungumzia matengenezo, walilala bila kusemeshana.

Fundi wa kwanza, kijana wa mtaani, alisikiliza kidogo tu akatoa hukumu: pampu ya usukani imekufa, laki tatu na nusu pamoja na ufundi. Usiku huo mama alitoa bahasha ya ada kabatini, akahesabu, akairudisha.

Shangazi yake ndiye aliyemwelekeza kwa fundi mzee wa Tabata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari linasemaje?"

Mzee hakukimbilia boneti. Aliuliza maswali kwanza. Linalia asubuhi zaidi au mchana? Likiwa limesimama au likitembea? Ukikanyaga mafuta, sauti inapanda? Ukipita kwenye tuta, kuna kitu kinagonga?

Akamweleza kwamba kila sauti ina kwao. Mlio mkali kama mluzi, unapowasha gari au kukata usukani hadi mwisho, mara nyingi ni mkanda wa pampu uliolegea au kuchakaa. Kugonga kwenye mashimo ni kazi ya viungo vya chini, si pampu. Mngurumo unaopanda na kushuka pamoja na injini, tena ukizidi unapogeuza usukani, kwanza tazama oili.

Alifungua kopo la oili ya usukani. Ilikuwa chini ya alama ya mwisho, na ile iliyobaki ilikuwa na povu. Pampu ilikuwa ikivuta hewa pamoja na oili, ndiyo maana ikaguna. Akapitisha kitambaa cheupe kwenye mpira wa kurudishia oili, kikatoka na doa kwenye maungio. Klipu ilikuwa imelegea na mpira umepasuka.

"Oili hii hailiwi na injini," mzee alisema. "Ikipungua, imevuja. Lakini mpasuko huu ni wa zamani. Nani alikuwa anaongeza?"

Mama hakujua. Akampigia mumewe.

Upande wa pili kulikuwa na kimya kirefu. "Mimi," baba akasema. "Kila mwezi nilikuwa naongeza kidogo. Niliona doa pale chini tangu mwaka jana. Sikutaka kukupa presha."

"Na mimi limeguna wiki tatu," mama akajibu, "sikukwambia."

Mzee alikata mpira mpya, akafunga klipu mpya, akamwaga oili chafu. Akaweka ATF, ile oili nyekundu ambayo Corolla yao inatumia. Alionya kwamba si kila gari linatumia hiyo. Mtu asome maandishi kwenye mfuniko au kitabu cha gari, na asiweke kamwe oili ya breki, kwani inaharibu sili. Kisha akainua magurudumu ya mbele kwa jeki na, injini ikiwa imezimwa, akazungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi ili hewa itoke, huku akiongeza oili. Alipowasha gari, povu lilikwisha, na mngurumo nao ukaisha.

Gharama yote ilikuwa elfu sitini.

"Ungeendelea hivyo, pampu ingekufa kweli," mzee alisema akifuta mikono. Oili ndiyo inayoilainisha. Na oili inayovuja ikidondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwasha gari, watoto wakiwa ndani.

Mzazi unayesoma haya, kama gari lako lina usukani wa umeme, kama magari mengi madogo ya siku hizi, hutakuta kopo la oili. Likiwa na tatizo, mara nyingi taa itawaka kwenye dashibodi. Lakini kama lina oili, kulikagua kopo hilo ni kazi ya dakika mbili.

Baba aliporudi kutoka Mwanza, waliandika kwenye daftari la jikoni, chini ya orodha ya chanjo za watoto: tarehe, kilichotengenezwa, aliyeongeza oili. Jumatatu iliyofuata gari lilitoka getini kimya. Mtoto alisikiliza, kisha akasema, "Mama, limepona."

Safari hii mama alizima redio, naye akasikiliza.