Nilimuua Dada wa Watu kwa Rungu Moja, Akaacha Kujibu Meseji Zangu

Leo sina umbea wa mastaa, leo najianika mwenyewe. Ila staa yumo humo ndani, dada mmoja ambaye wengi wenu mnamfuata mitandaoni. Jina nalihifadhi, msije inboksi kunisumbua.

Stori iko hivi. Tuko washkaji watano hapa Dar, kila Jumapili tunacheza Dungeons & Dragons. Kwa wasiolijua, ni gemu la Marekani lililotoka mwaka 1974, la Gary Gygax na Dave Arneson. Hamna skrini wala pedi. Ni karatasi, penseli, dadu ya pande 20 na mdomo. Mmoja anasimulia na kuleta maadui, wengine kila mtu ana mhusika wake. Mkishinda mnapata pointi za uzoefu, zikitimia unapanda levo.

Msimuliaji ni mimi. Sheria za msingi nilizishusha bure mtandaoni, nikasoma nusunusu, nikajiona fundi.

Siku ya kwanza huyo dada alikuja na mchawi wake. Alimtengeneza wiki nzima, kampa jina, kampa mpaka bibi aliyemlea. Wote wako levo 1. Mimi nikawaletea zimwi, maana nilitaka waseme "duh!" Mchawi alikuwa na pointi 7 za uhai. Rungu la kwanza, pointi 16. Kwa sheria hapo huzimii, unakufa kabisa. Hata dakika 20 hazijaisha.

Alikusanya vitu vyake taratibu. Mlangoni akaniuliza, "Hivi ulitaka tucheze, au ulitaka tukuone wewe mkali?"

Sikuwa na jibu. Wiki nzima meseji zangu tiki za bluu, kimya.

Nikaogopa kuwapoteza na waliobaki, nikageuka mgawa pipi. Maadui wanyonge, pointi za bure hata kwa kufungua mlango. Jumapili tatu tu wakawa levo 3, levo inayotaka pointi 900. Mnadhani walifurahi? Mmoja alikuwa anaangalia mpira kwenye simu.

Ndo nikarudi kusoma vizuri zile sheria, toleo la 2014. Kumbe kuna hesabu! Kwa watu wanne wa levo 1, pambano la kawaida ni pointi 200, gumu 300, la kufa mtu 400. Zimwi langu peke yake ni 450. Sasa chukua goblini, vile vijitu vidogo vyenye roho mbaya. Kila mmoja ni 50, watatu 150. Ila wakija pamoja, ukipima ugumu unazidisha mara 2, maana kila mzunguko wanakupiga mara tatu. Inakuwa 300, pambano gumu. Lakini zawadi inabaki 150 ileile, mnagawana sawa.

Nikampigia simu, sio meseji. Nikamwambia lile swali lako jibu lake ninalo, na ni la aibu. Nikawaomba wote tuanze upya, levo 1. Akaja na mchawi mpya, mdogo wake yule marehemu.

Nikaweka goblini watatu. Wawili wakaanguka, yeye akabaki na pointi 1 ya uhai, na dadu iko mkononi mwake. Chumba kizima kimya, hakuna aliyeshika simu. Akarusha. Akampata.

Kila mtu aliondoka na pointi 37, wakati levo 2 inataka 300. Yaani safari bado kabisa. Lakini alivyoshangilia, mama mwenye nyumba alikuja kugonga mlango.

Kiukweli nimejifunza. Ukiwabebesha watu mzigo usiobebeka wanakukimbia, ukiwapa vya bure wanakuchoka. Na anayeshika usukani kazi yake sio kushinda abiria wake.

Haya, na wewe je? Nani aliwahi kukuletea zimwi ukiwa bado levo 1, kazini au kwenye mapenzi? Funguka hapo chini, majina tunayahifadhi.