Kabla ya kukodi gari-nyumba, hesabu mtalala mita ngapi

Mwaka jana familia moja ya Kitanzania inayoishi Denver, Marekani, ilipanda mlimani kupiga kambi ya usiku mmoja karibu na Leadville, mji ulio zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Ilipofika saa nne usiku mtoto mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, alianza kulia. Akakataa maziwa, akatapika, kisha akawa anasinzia na kushtuka hadi alfajiri. Wazazi walizilaumu soseji walizokula jioni. Kulipokucha walikunja hema wakateremka, na kabla hawajafika nyumbani mtoto alikuwa anadai ndizi.

Daktari wa watoto aliwaeleza kwamba huenda soseji hazikuwa na kosa. Mwili unaopelekwa juu haraka, mahali penye hewa nyepesi, unaweza kuugua: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, usingizi wa mang'amung'amu. Mtu mzima atasema kichwa kinamuuma. Mtoto wa umri ule hana maneno hayo. Atalia, atakataa chakula na hatacheza.

Mwaka huu wanapanga safari kubwa zaidi, na anayewafanya wapige hesabu upya ni bibi. Mama yake mama mtu anakuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu wawili, wa miaka saba na miaka miwili na nusu. Ana shinikizo la damu na anameza dawa kila siku. Ametoka pwani, na Denver kwenyewe ni mita 1,609. Baba wa nyumba alikuwa ameshachora safari ya siku kumi kwa gari-nyumba, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake: siku ya pili baada ya bibi kutua wapande milimani, walale juu, kisha wateremke jangwani Utah na Arizona. Kwenye ramani ilipendeza sana.

"Mwanangu, mimi nimekuja kuona wajukuu," bibi alimwambia mkwewe kwa simu. "Milima ipo hata Lushoto."

Mkwe akacheka, akasema, "Sawa mama," na ramani ikageuzwa kichwa chini miguu juu.

Kinachohesabiwa sana katika nchi ya milima ni mwinuko wa mahali mnapolala, kuliko ule wa mahali mnapopita. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa wasafiri ni kwamba anayetoka chini asilale juu ya mita 2,750 hivi usiku wa kwanza, na akishavuka mita 3,000 asipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kupita juu mchana na kurudi chini kulala ni jambo jingine. Kwa hiyo bibi atapumzika Denver siku nne, ataonana na daktari kuhusu dawa zake, kisha safari itaanzia jangwani. Milima itakuja mwishoni.

Siku ya kwanza barabara inapanda kuelekea magharibi hadi kwenye handaki la Eisenhower, mita 3,400, linalotoboa mlima kwa zaidi ya kilomita mbili na nusu. Watapita bila kulala. Jioni watakuwa Fruita, jirani na Grand Junction, kiasi cha mita 1,400 tu, chini kuliko Denver walikotoka. Kesho yake Moab, Utah, ambako ni chini zaidi. Baada ya hapo Monument Valley kwenye mita 1,700, ukingo wa kusini wa Grand Canyon mita 2,100, Mesa Verde mita 2,400, na mwisho Great Sand Dunes, karibu mita 2,500. Ukizipanga namba hizo zinakuwa ngazi, na kila kipandio kina usiku wake au siku zake mbili.

Baba alitaka pia barabara ya Silverton hadi Ouray, maarufu kwa mandhari na kwa kukosa kingo sehemu nyingi za genge. Hiyo imefutwa. Gari la mita saba na nusu, mama mkwe nyuma, dereva ambaye hajawahi kuendesha kitu kikubwa kuliko Noah: hata yeye alikubali, ingawa alikaa kimya kidogo kwanza.

Moab kuna hifadhi ya Arches yenye matao ya asili ya mawe zaidi ya 2,000. Tao linaloonekana kwenye namba za magari ya Utah, Delicate Arch, hufikiwa kwa miguu, karibu kilomita tano kwenda na kurudi, juu ya mwamba usio na kivuli wala maji. Mwanzoni mwa Juni hapo joto linaweza kupita nyuzi 35. Baba na mtoto mkubwa watakwenda alfajiri na kofia zao. Bibi, mama na mdogo wataliangalia kwa mbali kutoka sehemu ya chini, karibu na maegesho.

Joto la jangwani linamdanganya mtu wa pwani. Tanga ukitoka jasho shati linalowa na unajua umetoka jasho. Utah jasho linakauka kabla hujaliona, na mtoto mwenye ngozi kavu kabisa anaweza kuwa amepoteza maji mengi. Dalili itafutwe kwingine: mkojo mchache na wa rangi nzito, midomo mikavu, kulia bila machozi. Familia hii imepanga lita nne za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku, yaani lita 20 kwa watu watano, kwenye madumu, mbali na tangi la gari ambalo ni la kuoshea vyombo na miili. Wamenunua na paketi za ORS. Kwa bibi kuna swali moja ambalo mama ameliandika ili amuulize daktari: baadhi ya dawa za shinikizo la damu hutoa maji mwilini, sasa kwenye joto kali afanyeje? Asiache dawa kwa kujiamulia, na asiendelee bila kuuliza.

Monument Valley ni ardhi ya Wanavajo, na pombe hairuhusiwi katika eneo lao. Gari-nyumba nalo haliruhusiwi kwenye njia ya vumbi inayozunguka minara ile ya mawe mekundu. Utaliacha na kupanda gari la mwongozaji Mnavajo, jambo ambalo pengine ni bora zaidi kwa sababu yeye anajua majina na habari za kila jiwe. Wale wanaofikiria mabonde membamba ya Antelope, karibu na mji wa Page, wakumbuke Agosti 1997. Watalii 11 walikufa mle kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali, wao wakiwa kwenye jua. Siku hizi huingii bila mwongozaji.

Grand Canyon ni mlima uliopinduliwa. Unaanza kwa kuteremka, mguu mwepesi, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyoongezeka. Kupanda kunakuja ukiwa umechoka na chupa imekwisha. Walinzi wa hifadhi hushauri watu wasiwe njiani mle kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni wakati wa kiangazi. Wenye watoto wadogo wakae juu, ambako kuna njia tambarare, mabenchi na basi la bure. Hakuna atakayewacheka.

Gari-nyumba lenyewe linasifiwa kupita kiasi. Choo kipo karibu na mtoto anakula chakula cha nyumbani, hilo ni kweli. Lakini ni gari, na wazazi husahau. Mtoto hapaswi kulala kitandani wala kukaa kwenye kiti cha ubavuni likitembea. Kiti cha usalama cha mtoto kinahitaji kiti kinachotazama mbele chenye mkanda uliofungwa kwenye fremu, na si kila gari linavyo vya kutosha. Gari la kwanza waliloonyeshwa lilitangazwa la watu sita. Viti vya namna hiyo vilikuwa vitatu. Wakaliacha.

Usiku jangwani kuna baridi, na hapa ndipo desturi ya kwetu inaweza kuua. Kuwasha jiko la gesi ili kupasha joto chumba, au kuingiza mkaa ndani baada ya kuchoma nyama, kunaleta hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Kitambuzi chake kibonyezwe kabla ya kusaini karatasi za kukodi. Mchana hatari inageuka: gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10. "Nashuka dukani mara moja" haifai, hata kama mtoto amelala.

Great Sand Dunes ndipo safari itakapopunguza mwendo. Ni vilima vya mchanga virefu kuliko vyote Amerika Kaskazini, vikiwa na milima yenye theluji nyuma yake. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni theluji ikiyeyuka, kijito cha Medano hupita mguuni mwa vilima, maji ya kifundo cha mguu, na watoto hushinda humo. Viatu visivuliwe mbali na maji saa za mchana. Mchanga ule unaweza kufika nyuzi 65.

Limebaki suala la saa. Kipindi hicho Arizona iko saa moja nyuma ya Utah, lakini eneo la Wanavajo, hata lililo ndani ya Arizona, linafuata saa ya Utah. Siku ya kutoka Monument Valley kwenda Grand Canyon simu zitajibadilisha zenyewe njiani. Mama amenunua saa ndogo ya mshale ya kubandika juu ya jiko. Itabaki na saa za Denver safari nzima, na bibi atameza dawa yake saa mbili asubuhi kwa saa hiyo, popote watakapokuwa.

Bibi ameuliza kama na chai itafuata saa hiyo hiyo.