Kivuli cha Waya na Kivuli cha Ahadi

Mkaazi wa pwani akisikia neno bustani, hujiwa na harufu ya asumini na mlangilangi, ua uliofagiliwa alfajiri, na mnazi uliosimama penye mlango. Huko bara, katika wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, ambako mvua hukatika mwezi wa Mei na aghalabu hairudi hadi Novemba, bustani ni jambo jingine kabisa. Huko bustani ni swali: nani mwenye maji, na nani mwenye haki ya kukaa kivulini?

Bustani mashuhuri kuliko zote wilayani humo ilizaliwa na almasi. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Thorburn Williamson, aligundua huko Mwadui mwamba wenye almasi ulioenea kwa hekta 146 hivi, mmoja wa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani. Masimulizi yapendwayo huiweka almasi ya kwanza chini ya mbuyu, na si ajabu, kwani katika nchi ile kila jambo kubwa hutafutiwa mti wa kulitilia kivuli. Mwaka 1947 ikatoka almasi ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati zaidi ya 54, iliyotolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa.

Kando ya shimo hilo ukainuka mji. Ulikuwa na hospitali, skuli, kiwanja cha ndege, nyumba zenye bustani mbele, bwawa la kuogelea na kiwanja cha gofu. Wanaoukumbuka mji huo husimulia hata klabu ya mashua za matanga, katika bwawa lililochimbwa ndani ya nchi kavu, mbali na bahari kwa safari ya siku. Penye maji yasiyokauka na miti iliyoachwa ikazeeka, ndege nao hufika bila kualikwa, kwa kuwa ndege hawasomi vibao vya makatazo. Watu na ng'ombe ndio waliosimamishwa kwenye waya. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi uliingia mikononi mwa kampuni ya De Beers na Serikali. Wenye hisa walibadilika tena na tena baadaye, lakini waya ulibaki.

Nje ya waya, kwa miaka mingi, nchi ilikuwa ikivuliwa nguo. Tangu miaka ya 1920, utawala wa Kiingereza uliwahimiza Wasukuma wakate mapori ili kumnyima mbung'o mahali pa kukaa, kwani mdudu huyo aliua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Baada ya mbung'o ikaja pamba, nayo ikadai mashamba mapya. Mifugo ikaongezeka, kuni zikahitajika, na katika miaka ya 1970 familia nyingi zikahamishiwa katika vijiji vya ujamaa, zikiacha nyuma maeneo ambayo wazee walikuwa wameyatunza. Kufikia miaka ya 1980 mkoa wa Shinyanga ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania, na mwanamke wa kijijini alitembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja wa kuni.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni wataalamu walifanya kile ambacho wataalamu hupenda kufanya: waliotesha miche katika vitalu, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na kuigawa vijijini. Baadaye ikadhihirika kwamba wenyeji walikuwa tayari na elimu yao, nayo ina jina. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue na visiki vya miti vikachipua, kisha ikafunguliwa katikati ya kiangazi, malisho mengine yanapokuwa yamekwisha. Haina mtunza bustani wala mpira wa kumwagilia. Mizizi ya zamani ilikuwa bado hai chini ya udongo, na haikuwa ikidai zaidi ya kuachwa.

Aghalabu ngitili haikuwa na waya. Mipaka yake ilijulikana kwa kauli, na aliyeivuka kwa siri alijibu mbele ya dagashida, yaani baraza la kijiji, huku sungusungu wakilinda. Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa mkoani zilikuwa hekta 600 hivi; miaka 15 baadaye, zilizohifadhiwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Watafiti walipoingia humo katika miaka ya mwanzo ya 2000, walihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, aina 145 za ndege na aina 13 za wanyama. Wanakijiji walipata majani ya kuezekea, nguzo, asali, matunda, dawa za mitishamba na kuni za karibu. Fisi nao walirudi, na ndege walaji wa nafaka pia, wasiache mtama wa mtu salama. Uhai ukirudi haurudi kwa kuchaguliwa.

Hapo ndipo tofauti ya vivuli viwili hivi inapoonekana. Kivuli cha Mwadui kilitunzwa kwa pampu, mishahara na walinzi, na kila kimojawapo kilitegemea almasi iliyotoka shimoni. Kivuli cha ngitili kilitunzwa kwa ahadi baina ya majirani. Tena cha kwanza kilimwona jirani kuwa ni hatari. Mnamo Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa 75 kwa mia za mgodi tangu 2009, ilitangaza makubaliano na watu 71 waliodai kudhuriwa na shughuli za ulinzi za mgodi. Ililipa bila kukubali kuwa na dhima kisheria. Miongoni mwa hatua zilizotajwa kuwafaa wanavijiji ilikuwa kuwaruhusu kuingia katika baadhi ya sehemu za eneo la mgodi, wakaokote kuni na kulisha mifugo. Almasi haikuwa jambo pekee lililogombaniwa pale; kuni na nyasi nazo zilikuwa upande wa pili wa waya.

Waya huo huo haukuweza kuuzuia mgodi usitoke nje. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mabaki ya uchimbaji ulipasuka, na tope likafunika mashamba, malisho na nyumba za vijiji jirani. Shukrani ni kwamba hakuna aliyepoteza maisha. Lakini shamba lililozikwa chini ya tope la mgodi si kisiki kitakachochipua kwa kuachwa msimu mmoja.

Haifai, hata hivyo, kuipamba ngitili kupita kadiri yake. Karibu nusu ya eneo lililohifadhiwa ni ya watu binafsi, na mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi huvuna zaidi ya jirani asiye na kitu. Ardhi inapopanda bei, ahadi hugeuka bidhaa, na mkaa huwa na mnunuzi kila siku. Ahadi nayo yaweza kupasuka kama ukingo wa bwawa. Lakini ikipasuka, wanaoweza kuijenga upya wapo pale pale kijijini, na hawahitaji kusubiri idhini ya wenye hisa walio ng'ambo.

Jambo hili si geni kwa watu wa visiwani, ambao wameziona fukwe zikizungushiwa kuta, na ndani ya kuta hizo minazi ikipogolewa na majani yakimwagiliwa maji mchana, ilhali kijiji cha pili kinapanga madumu kisimani. Bustani za namna hiyo hupendeza, wala miti yake haina kosa. Lakini Shinyanga imeonyesha kwamba nchi iliyoitwa jangwa inaweza kurudisha ndege bila kumfukuza mwenye nchi, maadamu wenyewe wamekubaliana lini wafunge na lini wafungue. Kila mahali penye bustani nzuri, basi, pana haja ya kuuliza: mwenye ng'ombe aliye nje atafunguliwa lini?