Pesa Zimefungwa

Kuna sentensi moja iliyonisaidia mwaka mzima kuliko riba yenyewe: "Pesa zimefungwa." Ni fupi, haina ubishi na haimtukani mtu. Ndugu akipiga simu kwamba amekwama, unamsikiliza mpaka mwisho, unampa pole ya dhati, kisha unaitoa. Hujamwambia huna. Hujamwambia hutaki. Umemwambia ziko, ila mwenye ufunguo ni benki. Naye anaelewa, maana benki haina shangazi wala mdogo wa mwisho, na hakuna atakayeisema vibaya msibani.

Mwezi huu zimefunguliwa.

Gazeti nililolifanyia kazi miaka saba lilipunguza watu, nami nikawemo kwenye orodha. Katika stahiki nilizolipwa nilitoa shilingi 5,000,000 nikaziweka kwenye akaunti ya muda maalumu, miezi 12, riba asilimia 9. Pale kaunta wanaiita fiksi. Mtaani, kama unavyojua, fiksi ni uongo. Ukimpiga mtu fiksi umemdanganya. Maneno haya mawili hayajakutana kwa bahati mbaya tu. Mkataba wangu ulisema wazi kwamba naweza kuvunja amana siku yoyote nikitaka, nitakachopoteza ni riba. Kwa hiyo pesa hazikuwa zimefungwa kihivyo. Zilikuwa zimerudishiwa mlango, na mimi nilikuwa nimeuegemea kwa mgongo.

Hesabu yake ni rahisi. Asilimia 9 ya milioni tano ni 450,000. Serikali inachukua kodi ya zuio asilimia 10 ya riba, yaani 45,000. Zinabaki 405,000. Sasa toa na bei za vitu: ukichukulia mfumuko wa asilimia 3, ambao ndio tuliouzoea miaka hii, milioni tano yako inahitaji nyongeza ya 150,000 ili inunue kilekile ilichonunua mwaka jana. Kwa hiyo faida ya kweli ni kama 255,000. Si haba kwa pesa iliyokuwa imelala. Lakini ukiigawa kwa miezi 12 ni 21,250 kwa mwezi, na hiyo kwangu ni vocha na nauli za daladala za wiki mbili.

Wazee wetu hawakupata hata hiyo. Katika miaka ya 1980 mfumuko wa bei nchini ulikuwa ukizunguka asilimia 30 kwa mwaka, na mtu mwenye kitabu cha benki aliangalia tarakimu zikikua huku sukari aliyoweza kununua ikipungua. Nadhani ndiyo maana nyumba nyingi ziliendelea kuamini kibubu. Neno lenyewe tamu: bubu mdogo. Unamlisha hela, hasemi, na siku ya kumfungua ni siku ya kumvunja. Fiksi ni kibubu, ila kikijaa kinatuma ujumbe kwenye simu.

Ujumbe wangu ulikuwa na chaguzi tatu: kuweka tena mtaji pamoja na riba, kuweka tena mtaji na kuchukua riba, kulipwa zote. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: nisipojibu, itachukuliwa nimechagua la kwanza. Yaani ukimya wangu ungenipa miezi 12 mingine ya kusema pesa zimefungwa. Niliukodolea macho mstari ule kwa siku nne.

Watu wa kunishauri hawakukosekana. Rafiki yangu mmoja ni muumini wa hatifungani za serikali: unaanza na milioni moja, riba inaingia kila miezi sita, na ukichukua ya miaka 25 umetulia. Nina miaka 34. Nikasema bwana, hapo nitakuwa na 59. Mwingine akasema vipande vya UTT. Jirani akasema kiwanja. Wote walijua vizuri pesa inavyozaa. Hakuna aliyeniuliza ni nani wanaoisubiri.

Wanaoisubiri ni watatu. Mama, Pangani, ana nyumba iliyosimama kwenye linta tangu baba hajafariki; anataka kupaua kabla ya masika. Mdogo wangu anataka aongezewe hela ya bodaboda. Wa tatu ni mimi. Nina hadithi fupi tano zilizokamilika na nyingine sita kichwani, na tangu nitoke gazetini nimeishi kwa kuandika ripoti za mashirika zinazonilisha na kunimaliza.

Nikampigia mama, shikamoo na habari za Pangani, kisha nikamwambia pesa zimeiva na zimeongezeka.

"Zimeongezeka kwa nini?"

"Benki imeongeza, mama."

"Hiyo nyongeza ndiyo riba?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi mwanangu, bati langu lisiguswe na riba. Mtaji ni jasho lako, nitaupokea kwa mikono miwili. Hiyo nyingine wachimbie watu choo."

Nikamwambia 405,000 haichimbi choo.

"Itanunua masinki," akasema, na suala likaishia hapo.

Mimi sishiki dini kama yeye, ila maneno yake yalinirudisha kwenye neno amana. Kwa Kiswahili cha nyumbani, amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze, ukirudishe kama ulivyokipokea. Benki nayo inatumia neno hilohilo, amana za wateja, na kwenye vitabu vyake inaziandika upande wa madeni. Tuna hata Amana Bank, iliyoanza 2011, ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu: mteja wa amana ya uwekezaji hugawana faida na benki kwa uwiano waliokubaliana, haahidiwi riba. Ukimsikiliza mama, milioni tano zile mimi nimekabidhiwa tu, na mkabidhiwa hawezi kujificha nyuma ya benki. Lazima ajue kipi ni cha nani.

Basi nikagawa. Milioni 2.6 kwa mbao na mabati ya mama. Zile 405,000 kwa masinki ya choo cha msikiti wa mtaani kwao. Milioni 2.4 zangu: laki nne kwa mwezi, miezi sita, bila ripoti ya shirika lolote.

Ikabaki simu moja. Mdogo wangu alipokea mara ya kwanza tu, alikuwa akiisubiri.

"Dada! Si ndiyo mwezi wenyewe huu?"

"Ndiyo. Zimefunguliwa."

"Eeh?"

"Ila sitakupa."

Sikuwa na sentensi nyingine ya kuifunika ile. Nikamweleza kuhusu bati la mama, nikamweleza kuhusu kitabu. La bati alilielewa. Kuhusu kitabu aliniuliza kitauzwa shilingi ngapi, nikamwambia sijui. Akasema "sawa dada" kwa namna ambayo ndugu wote wanaifahamu. Wiki mbili sasa hajanipigia, na mimi nimeshampigia mara mbili.

Mama ameshanitumia picha ya mabati yakishushwa kwenye lori, ya kijani, ingawa tulikubaliana mekundu. Mimi nimemaliza mwezi wa kwanza. Nimebaki na 2,000,000 na kurasa kumi na nne.