Hesabu tunajua, shida ni maneno



Sisi ni vijana wa Nakivale tunaokutana jioni kusomeshana hesabu. Wengi wetu tumetoka Kivu, wengine Burundi. Kule tulisoma kwa Kifaransa, hapa Uganda shule ni Kiingereza, na nyumbani tunaongea Kiswahili. Sasa mtu anafika, anapewa mtihani wa kumpangia darasa, anaambiwa hesabu hajui. Anarudishwa nyuma miaka miwili, anakaa na watoto wadogo, anaona aibu, mwishowe anaacha shule. Tumewaona wa namna hiyo, tena si mmoja.

Lakini tukikaa naye tunakuta anajua. Swali lilimwambia "solve", yeye alizoea "résoudre". Kwa Kiswahili ni: tafuta x ni ngapi. Kazi ni ile ile.

Hata alama zinachanganya. Kule tuliandika 2,5 kwa mkato, hapa wanaandika 2.5 kwa nukta. Ukiandika 1,500 kule ni moja na nusu, hapa ni elfu moja na mia tano! Kwenye kugawanya, kule namba unayogawia inakaa kulia, hapa inakaa kushoto. Mwalimu asiyejua hayo ataona daftari la mtoto ni fujo tupu.

Basi tumeanza daftari la maneno, lugha tatu kando kwa kando. Haya ni ya mwanzo, kwa Kiswahili chetu.

Aljebra. Neno ni la Kiarabu, al-jabr, kutoka kitabu cha al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Maana yake ni kurudisha kitu mahali pake, kama mtu anavyounga mfupa uliovunjika. Kwa hiyo hata Waingereza na Wafaransa wamelikopa.

Kigeu. Ni herufi, kama x, inayosimama badala ya namba. Hapa wengi wanateleza. Ukisema x ni dumu, utapotea mbele ya safari. x ni idadi ya lita zilizomo ndani ya dumu. Yaani ni namba, ila bado hatujaijua.

Mlinganyo. Pande mbili zilizo sawa, katikati alama ya =. Fikiria mizani ya sokoni: ukitoa kilo moja upande huu, toa kilo moja upande wa pili, la sivyo inalala.

Mabano. Kilichomo ndani kinafanywa kwanza. Wenzetu waliopitia shule za Tanzania wametufundisha MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ila angalia: kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unaanzia kushoto. 10 − 4 + 3 ni 9, si 3. Kugawanya na kuzidisha ni hivyo hivyo.

Kipeo na kipeuo. Herufi moja tu inayatenganisha. Kipeo cha pili cha 5 ni 25. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5.

Mfano tunaoanza nao ni huu. Mama ana madumu 3 ya ukubwa mmoja na kidumu kimoja cha lita 5, vyote vimejaa maji. Jumla ni lita 65. Dumu moja lina lita ngapi?

3x + 5 = 65
3x = 60
x = 20

Tumetoa 5 pande zote, kisha tumegawanya kwa 3 pande zote. Kila aliyepanga foleni ya maji anajua dumu ni lita 20, kwa hiyo jibu analipima mwenyewe bila kumngoja mwalimu. Akishaelewa hapo, ndipo tunamwambia: hiki ulichofanya, kwenye mtihani wanakiita hivi. Neno la Kiingereza linakuja mwisho, na halimsumbui tena.

Ndugu zetu mnaofanya kazi na mashirika, tunawaomba jambo moja. Kabla ya kumpanga mtoto darasa, mpeni maswali ya hesabu kwa lugha aliyosomea, au mtafutieni mtu wa kumsomea maswali kwa Kiswahili. Kiingereza ajifunze, hatukatai, maana mtihani wa mwisho utakuja kwa Kiingereza. Lakini asipoteze miaka miwili kwa sababu ya neno moja ambalo angefundishwa kwa dakika tano. Hapa kwetu vijana wa kutafsiri tupo, tuiteni tu.

Na nyinyi wenzetu wa Nyarugusu, Kakuma na Dzaleka, tutumieni maneno ya hesabu yanayowasumbua huko, na jinsi mnavyoyaeleza kwa Kiswahili chenu. Daftari bado lina kurasa nyingi. Wiki ijayo tunaingia kwenye namba hasi, na hapo tutahitaji msaada wenu, maana kila mtu hapa anaziita kwa jina lake.